Viboko Vilivyotangulia Kosa

Swaumu alikuwa jikoni, kwenye zamu ya kuchambua maharage, viboko vilipoanza kumshukia mgongoni. Hakukuwa na fimbo wala mchapaji. Shati lilipasuka, kisha ngozi, na damu ikachirizika mpaka kwenye kiuno cha sketi. Mdogo wake Sabiha, wa kidato cha kwanza, alisogeza ungo pembeni maharage yasichafuke.

"Umefanya nini, dada?"

"Bado sijafanya."

Ndivyo mambo yalivyokuwa katika shule hiyo ya bweni, barabara ya Kiwangwa, tangu Mwalimu Mkuu Ridhiwani aliponunua kompyuta mpya dukani kwa Sagar, Bagamoyo mjini. Sagar aliisifia prosesa yake, ubongo wa mashine, mpaka sauti ikamkauka. "Hii, Mwalimu, inamaliza kazi kabla hujaipa." Kwa ripoti za wanafunzi haikuwa hivyo. Kiduara kilizunguka kwenye kioo mpaka chai ya walimu ikapoa, sawasawa na kwenye kompyuta ya zamani. Lakini ilipopewa kazi ya nidhamu, prosesa ilitimiza sifa zake zote. Iliadhibu asubuhi, kosa lilifuata mchana.

Wala haikuwahi kukosea. Khamis wa kidato cha nne alivunjika mkono wakati wa uji, na alasiri akakamatwa ng'ambo ya uzio, anakula chipsi mayai kwa mkono uliobaki. "Nimeshavunjwa," alimweleza mwalimu wa zamu. "Nisile kwa nini?" Wote walifikiri hivyo. Aliyechapwa asubuhi alishinda akitafuta kosa la kulingana na maumivu yake, yasije yakampita bure.

Mwalimu Mkuu alitamba mstarini kwamba siku prosesa itakapomchapa mtu, na mtu huyo asikosee mpaka bendera ishushwe, ataifungasha mwenyewe airudishe dukani. Swaumu aliishika ahadi hiyo. Wiki iliyopita kofi lisilo na mkono lilimpasua Sabiha sikio la kushoto, na halikusikia tena. Limebaki la kulia.

Kwa hiyo akaamua kutokosea. Alichomekea shati lililochanika. Kiswahili kilikatazwa shuleni kote ila jikoni, basi alinyamaza, na alipoulizwa alijibu kwa Kiingereza kifupi. Kwenye kipindi cha hesabu damu ilimgandisha kwenye kiti. Alipoinuka kumuaga mwalimu, sehemu ya mgongo ilibaki.

Khamis alimfuata dirishani. "Wewe mtoto, utakufa na wema. Umeshachapwa, nenda zako uzioni."

Swaumu akatikisa kichwa.

"Basi nitukane mimi. Nipo hapa, na sura unaiona."

Swaumu alitaka kumwambia kwamba sura yake haina kasoro, lakini uongo nao ni kosa.

Jioni shule ilisimama mstarini, tayari kwa kushusha bendera. Sagar alikuwepo pia, na brashi yake mkononi, kwa kuwa alikuja kuisafisha kompyuta vumbi. Mwalimu Mkuu alimkagua Swaumu kucha, nywele, viatu na soksi. Akatuma watu wakakague kitanda. Hakukuwa na kosa.

"Hujui kuwa unaiaibisha shule?" akamuuliza.

Swaumu akaomba radhi kwa Kiingereza.

"Nilikuuzia kasi, Mwalimu," Sagar akasema kwa upole. "Haki sikuahidi. Lete boksi niichukue."

Mwalimu Mkuu ni mtu wa ahadi. Kompyuta ikaletwa, ikatiwa ndani ya boksi mbele ya wote. Kisha akageukia mstari.

"Lakini viboko vimepigwa," akasema. "Viboko bila kosa havijawahi kutokea katika shule hii. Mwenye kosa ajitokeze."

Hakujitokeza mtu. Desturi waliijua: mkosaji asipojitaja, wanachapwa wote. Wakapiga magoti bila kuambiwa. Mwalimu Mkuu akachukua fimbo ya mpera, akaanzia kidato cha kwanza, kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama zamani. Fimbo ilishuka popote. Msichana wa kwanza alitema jino. Wa pili alianguka kifudifudi na akaendelea kuchapwa hapohapo. Wa tatu alikuwa Sabiha, amelifunika sikio la kulia kwa viganja vyote viwili.

"Ni mimi, Mwalimu," Swaumu akasema. "Nilivuka uzio."

Fimbo ikasimama hewani. Mlinzi akaitwa, akaapa kwamba tangu asubuhi uzioni hakupita hata kuku.

"Kwa hiyo umesema uongo," Mwalimu Mkuu akasema, na uso wake ukapata amani. "Tena kwa Kiswahili."

Wote wakatazama juu. Bendera ilikuwa haijashushwa. Adhabu ya uongo, kwa kanuni za shule, ni viboko vilevile alivyovipata Swaumu asubuhi, hakikupungua wala hakikuzidi hata kimoja. Mwalimu Mkuu akaiegemeza fimbo kwenye mlingoti, akawaomba wanafunzi waipigie makofi prosesa. Wakapiga wakiwa bado wamepiga magoti. Khamis alipiga kwa kujigonga pajani. Sagar akaitoa kompyuta kwenye boksi, akaipangusa kwa brashi bila kumtazama mtu.

Asubuhi yake kofi lilimkuta Sabiha bombani, anapiga mswaki. Alishika ukingo wa sinki mpaka kizunguzungu kikaisha, akasukutua, akafuta damu shingoni kwa kitenge cha dada yake.

"Kosa gani zuri, dada?" akauliza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake.

Swaumu akafikiri kidogo, kisha akamchagulia, kwa ishara za vidole, kosa lenye chakula.