Zilizochelewa Katika Chungu cha Dorkasi

Watu wa Kabuku walimjua mzee Habakuki kama mtu ambaye, kwa kauli yake mwenyewe, aliwahi kuushika umeme wa mitambo ya Hale kwa kiganja ukatulia kama kuku aliyebanwa mbawa. Tangu astaafu ufundi wa huko, hakuna jambo lililomshinda kulisimulia. Ila kulikuwa na chungu kimoja asichokifanyia mzaha: chungu cha chachu ya vitumbua cha mkewe, Dorkasi.

Chachu hiyo mama yake Dorkasi aliitoa kambi ya mkonge. Kila jioni upawa mmoja wa rojo hubakizwa chunguni, asubuhi unaongezewa unga wa mchele, nao unaumuka. Miaka hamsini haijafa.

Safari hii Dorkasi alikwenda Korogwe siku tatu kumwangalia binti yake aliyejifungua.

"Kijiko kimoja cha unga asubuhi, baba Gerald. Kivulini. Na usikifanyie ufundi."

Akakifanyia ufundi. Aliona mapovu yanapanda kwa uvivu, akawaza kwamba mtambo wowote ukiuongezea nguvu unazunguka zaidi. Akakiweka chungu juu ya majivu ya moto. Akatoka kidogo, akakutana na jirani, akamsimulia habari za mamba wa Pangani aliyejua kuamkia wazee. Aliporudi, chungu kilikuwa kinaunguza mkono, na chachu imelala kimya, inanuka uji.

Akampigia simu Janeth, mtoto wa dada yake, mwalimu wa baiolojia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimeua chachu ya mama Gerald."

"Ilichemka?"

"Haikufika huko. Kidole kiliingia, ila kilitoka mbio."

"Basi usiimwage. Iweke kivulini, ilishe kidogo, usubiri." Janeth alicheka. "Mle mna seli mamilioni, mjomba, ukoo wa mama mmoja, lakini hazikui sawa. Nyingi zinakimbilia kula na kuzaana, hizo umeziua. Chache zinakwenda polepole, na hizo ndizo zinazovumilia joto."

"Nani aliziambia kwamba nakuja na moto?"

"Hakuna. Ni bahati tu. Kila siku zinakuwepo chache za hivyo, moto uje usije."

Mzee alikaa na simu mkononi hata baada ya Janeth kukata. Maisha yake yote alikuwa akiwacheka watu wazito wa mwendo. Kumbe chungu cha jikoni kwake, miaka hamsini, kilikuwa kinawalisha wazito wake kila siku bila kuwasimanga, kwa ajili ya siku ambayo mpumbavu mmoja angekuja na majivu.

Siku ya pili, kimya. Akaenda dukani kwa Twaha, akanunua pakiti ya hamira. Akiitia, rojo litaumuka, na Dorkasi pengine hatajua. Akasimama juu ya chungu, pakiti mkononi. Lakini hamira ya dukani ingezifunika zile chache zinazojikongoja mle ndani, nazo ndizo urithi wenyewe. Akaitia pakiti mfukoni.

Siku ya tatu asubuhi likatokea povu moja, dogo kama punje ya ufuta. Alivuta kigoda, akakaa nalo mpaka likapata mwenzake.

Jioni Dorkasi aliporudi, Habakuki alimweleza yote: majivu, seli, zile za mbio na zile za polepole. Hakuongeza chumvi hata punje.

"Baba Gerald," mkewe akasema akivua kanga ya safari, "hata yule mamba wako anaaminika zaidi."

Akakifunua chungu, akainamisha sikio. Akanusa. Akamgeukia mumewe, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye mfuko uliotuna, ukatoka na pakiti.

"Na hii hamira?"

"Sikuitia."

Dorkasi akaigeuza pakiti huku na huku. Haikuwa imefunguliwa. Akamtazama mumewe kama anayemwona mgeni.

"Vitumbua vitakuwa keshokutwa," akasema, akachota unga kijiko kimoja. "Tuziache zijivute."