Emu Anayetoka Mlangoni

Aliweka kidole juu ya mbao, pale karibu na mlango wa maktaba, akaanza kumfuata emu.

Macho ya mama mdogo yalikuwa yameshaharibiwa na kisukari. Aliona mwanga na vivuli, basi. Picha zake mwenyewe za rangi asingeweza kuzitambua tena hata ukimwekea puani. Lakini hii ilikuwa mbao, imechongwa na mashine kwa kina cha ukucha, na vidole vyake vilikuwa vizima kabisa. Nilisimama nyuma yake. Kidole kiliingia kwenye unyayo wa kwanza, kikatoka, kikaingia wa pili. Kwenye wa tatu kilisimama.

"Napaljarri," aliniita kwa jina la ukoo wangu, taratibu tu, kama anayeuliza saa. "Huyu ndege anakwenda wapi?"

Niliinama nikautazama ule unyayo.

Jina lake silitaji. Kwetu mtu akifa jina lake linapumzishwa, na mimi ni nani wa kuliamsha? Alikuwa mdogo wake mama, kwa hiyo alikuwa mama. Alinilea kwa chai ya maziwa ya kopo na matusi ya mapenzi. Hadithi ya emu ilikuwa yake kupitia baba yake: dume la emu, ndege wa jangwa letu anayefanana na mbuni, linavusha makinda yake nchi kame mpaka kwenye kisima cha mchangani. Mimi nchi ile niliipata kupitia mama. Maana yake ni hii: yeye alikuwa mwenye nchi, mimi mlinzi wake. Mwenye nchi anachora, mlinzi anatazama, na hakitoki kitu mpaka mlinzi aseme ni sawa. Mwenye nchi hajisemei. Hata akigundua kosa, kulitangaza si kazi yake. Ni yangu.

Shule ya mjini ilipojenga maktaba mpya, iliomba picha yake iwe ukuta mzima wa mbao. Imogen, msanifu wa jengo, alikuja kijijini mara nne, na ni mwendo wa saa tano wa vumbi. Hakuwa mtu mbaya, jamani, msije mkanielewa vibaya. Alikaa chini pamoja nasi, akala mkia wa kangaruu bila kukunja uso, mpaka mama mdogo akasema, "Huyu tumtafutie mume, ameshakuwa wa hapahapa." Imogen alicheka mpaka akapaliwa.

Siku ya mwisho mama mdogo alimshika mkono. "Watoto wetu wanatoka huku wanakwenda kusoma kwenu," alimwambia. "Wanafika pale wanajikunyata mlangoni kama wezi. Mimi nataka mtoto akiingia amwone emu anaingia naye. Amfuate mpaka kwenye maji. Akishafika majini atajua amefika kwake."

Hilo tu ndilo alilolitaka. Hakuomba kingine.

Michoro ya mwisho ilinifikia kwenye simu siku ya mashindano ya mpira. Vijiji vyote vilikuwa uwanjani na timu yetu ilikuwa nyuma kwa bao moja. Nilipitisha kidole gumba juu ya kioo: nyayo, nyayo, nyayo, halafu duara la maji mwishoni. Mbao zilipendeza. Nikaandika "Ni sawa", nikarudi kumpigia kelele mwamuzi. Timu yetu ilishinda, na usiku huo nililala nikiwa na furaha.

Sasa, unyayo wa emu ni vidole vitatu vinavyoachana kutoka kisiginoni. Sisi hata mtoto wa miaka mitatu anajua ndege ameelekea wapi: kule vidole vinakofunguka. Mtu wa mjini akiutazama anaona mshale, na ncha ya mshale wake ndiyo kisigino. Imogen aliona mishale. Na kwa kuwa alitaka mishale iwaongoze watoto mpaka kwenye maji, aligeuza kila ubao, kwa moyo mweupe kabisa. Emu akawa anayapa maji kisogo. Alikuwa anatoka nje na makinda yake, anaelekea kwenye maegesho ya magari.

"Nani alisema ni sawa?" aliuliza mama mdogo, kidole bado kiko kwenye mbao.

"Mimi, mama."

"Mh." Alijipangusa mkono kwenye gauni. "Basi utawaambia wewe."

Ilikuwa siku ya ufunguzi, na viti vilikuwa vimejaa. Nje walikuwa wanachoma soseji, harufu inaingia mpaka ndani. Imogen alikuwa mstari wa mbele na mama yake mzazi, aliyesafiri kwa ndege kuja kuona kazi ya binti yake. Rhonda, mkutubi, alimpa mama mdogo kipaza sauti.

"Mimi nimechora tu," alisema. "Kama ni sawa au si sawa, muulizeni binti yangu huyu. Yeye ndiye mlinzi."

Watu walidhani ni unyenyekevu, wakacheka kwa upole. Alininyooshea kipaza sauti upande ambao siko, nikakifuata. Nilimtazama Imogen. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya furaha, na mama yake amemshika bega.

"Ni sawa," nilisema.

Makofi. Mama mdogo naye alipiga, mara mbili, akashusha mikono. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Njiani hakunigombeza. Aliomba tusimame tununue chipsi, akalalamika ni za baridi. Laiti angenitukana! Ila tangu siku ile hakuniuliza tena kama kitu ni sawa. Hata chumvi ya mchuzi, mimi nimesimama jikoni, alimwita dada yangu aje aonje.

Baridi ya mwaka uliofuata aliondoka.

Rhonda alipiga simu, anajikanyagakanyaga. Alikuwa amesikia kwamba kwetu jina hufunikwa. Je, na ukuta? Nilimwambia afunike jina kwa karatasi, na mbao azishushe zote azihifadhi. Zilikaa stoo miaka miwili, mpaka familia ikakubali zirudi. Nikasema nakwenda kusimamia mwenyewe.

Mbao zile huning'inia kwenye kulabu. Mtu mmoja anaweza kuuinua ubao na kuugeuza. Fundi aliinua wa kwanza.

"Geuza," nilimwambia. "Juu iwe chini."

"Lakini mishale itaelekea nje!" alisema Rhonda.

"Si mishale, Rhonda. Ni miguu."

Alitazama ubao, akanitazama mimi, akavuta kiti akakaa. "Siku ile ya ufunguzi," alisema, "ulijua?"

"Nilijua."

Fundi aligeuza mbao zote saba za nyayo, akaacha ile ya maji ilivyokuwa, akakusanya vifaa vyake. Rhonda alikwenda kuchemsha chai.

Nilibaki peke yangu. Nilifumba macho, nikaweka kidole karibu na mlango. Kiliingia kisiginoni, kikatokea vidoleni, kikaingia kisigino kingine. Nilitembea hivyo ukuta mzima, nagongagonga viti, mpaka mchongo ukapinda kuwa duara chini ya kidole changu na nikajua nimefika majini.

"Ni sawa, mama," nilisema.

Nilingoja kidogo, kisha nikachukua mkoba wangu.