Pasi ya Upande wa Kushoto

Hapa Stovik hakuna anayeujua mpira wa magongo wa barafuni kunizidi mimi. Haya, nisiwadanganye: viatu vya kuteleza nimevivaa mara moja tu maishani, nikaanguka ningali nimekaa kwenye benchi. Lakini Orest Halkewych namjua, na yaliyompata nayajua, maana mkewe Slavka hajawahi kumeza siri ikapita kooni.

Orest alikuwa mshambuliaji, tena wa kulipwa, si wa kuchezea mabwawani na watoto wa jirani. Alizunguka nchi nzima kwa basi, meno ya mbele akiyaacha njiani, moja mji huu, jingine mji ule. Alipostaafu alirudi na goti bovu, pua inayotazama pembeni, na bao moja. Bao hilo ndilo lilikuwa maisha yake. Lilipatikana dakika za nyongeza, likaleta kombe, na kwa ajili yake mji ulikuwa umeamua kuipandisha jezi yake darini pale uwanjani, ining'inie huko hata yeye akishazikwa.

Tatizo ni kwamba bao halikuwa lake.

Aliyepiga ni Lyle Tvedt, winga wa kushoto, waliyekua naye nyumba kwa nyumba. Kile kisahani cheusi cha mpira kilipita jirani na gongo la Orest, hakikuligusa. Orest akateleza mpaka meza ya mwandishi wa mabao, akasema, "Kimenigusa. Andika mimi." Mwandishi akaandika. Lyle akacheka: "Mwacheni ajishibie, mimi nitafunga mengine." Majira ya kuchipua yaleyale, barafu ya ziwa ikafunguka chini ya pikapu yake akitoka kuvua. Hayo mengine hakuyafunga.

Sasa, wiki waliyotangaza habari ya jezi, mlio ukaanza.

Tak-tak.

Wachezaji wanaujua. Mtu akiwa hajakabwa, hapigi kelele; anagonga barafu kwa gongo lake, maana yake nipe. Na Lyle alikuwa na namna yake mwenyewe ya kugonga, ya harakaharaka, kama mtu aliyechelewa kuletewa chakula. Orest aliusikia mchana kweupe, mezani, ukitokea chini ya sakafu upande wa kushoto.

"Slavka, umeangusha kijiko?"

"Kijiko unacho mdomoni, baba. Kula pierogi zako."

Jumapili akausikia kanisani, kutoka upande wa kushoto wa benchi, pasipokaa mtu. Hapo akaona bora akahakikishe. Akashuka mpaka ziwani, jua linawaka, theluji yote nyeupe, hakuna hata kunguru. Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye barafu. Tak-tak, chini yake, kushoto kidogo. Akasogea kulia. Mlio nao ukasogea, ukabaki kushoto kwake, umbali uleule. Akatembea haraka, ukamfuata sambamba, kama winga anayejua kazi yake. Orest akapanda ukingo bila kofia. Kofia ilibaki hukohuko, na hakurudi kuichukua.

Alikwenda moja kwa moja kwa Solveig, mjane wa Lyle, ambaye nyumba yake inatazamana na ziwa. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Solveig akamtilia kahawa.

"Shemeji, umekuja umepauka hivyo, kuna neno?"

Neno lilikuwepo, lilikuwa limefika kwenye fizi. Orest akaitazama kahawa, akaiona jezi yake ikishushwa kabla haijapandishwa, akaona watu wa Stovik wakimgeuzia migongo dukani.

"Hakuna neno. Nilitaka kukuomba uvute kamba ya kupandisha jezi siku ya Jumamosi. Kwa heshima ya Lyle."

"Nitavuta," Solveig akasema. "Ila utanikuta na macho mekundu. Siku hizi hata usingizi wa mchana sipati. Kuna kitu kinagonga huko ziwani."

"Ni barafu inatanuka tu."

"Orest, nimezaliwa juu ya barafu hii. Barafu hunguruma. Hicho kinaomba."

Jumamosi alasiri uwanja ukajaa, watu wananuka kahawa na vitunguu vya kukaanga. Orest akasimamishwa katikati, juu ya zulia jekundu, kapewa gongo, kipaza sauti kimebanwa kwenye kola. Mbele ya miguu yake, barafuni, wakamwekea kisahani chenyewe cha siku ile. Solveig akashika kamba. Mtangazaji akamwomba mzee atusimulie tena.

"Lyle akapiga," Orest akasema, "nami nikanyoosha gongo hivi. Kikanigusa hapa, hapa pembeni. Nikahisi mpaka kwenye kiwiko."

Makofi. Solveig akaanza kuvuta, jezi ikapanda taratibu.

Tak-tak.

Kushoto hapakuwa na mtu. Barafu tupu, imesafishwa, inang'aa. Orest hakugeuza kichwa, alibaki akiwatabasamia watu. Lakini mikono yake ilikuwa imezoea kuuitikia mlio ule tangu utotoni, na mikono haijui aibu wala heshima. Gongo likainuka lenyewe. Kisahani kikaondoka, pasi laini, nzuri, ambayo hata kijana angejivunia, kikateleza kuelekea kushoto na hapo katikati ya utupu kikasimama. Hakikupunguza mwendo. Kilisimama tu, kama vile kimepokelewa.

Makofi yakakatika. Jezi ilikuwa imefika nusu ya safari, na Solveig aliiachia kamba iliyo mkononi mwake ilegee.

"Umesikia kitu, shemeji?"

"Mimi? Sijasikia kitu," akasema Orest, na kipaza sauti kikalipeleka neno hilo mpaka viti vya nyuma kabisa.

Solveig akakitazama kisahani kule kilikotulia, kisha akamtazama yeye.

"Basi umempasia nani?"