Barafu ya Mgeni

Kyakimwa hakuwa ameonja pombe tangu ubatizo wake kule Butembo, Kongo, ila jambo moja alilijua hata usingizini: mgeni hapewi glasi nusu.

Ndiyo maana jioni ile, uani kwao Doonside, pembeni mwa Sydney, alipomwona mjukuu wake Yvette akijaza glasi barafu hadi mdomoni kabla ya kumimina chochote, alijishika kiuno.

"Yvette! Umemwita mtu aje kunywa au aje kuguguna mawe?"

"Bibi, relax. Spritz ndivyo inavyotaka. Barafu kwanza, halafu divai ya povu sehemu tatu, Aperol, ile pombe chungu ya machungwa, mbili, soda moja. Waitaliano hunywa kabla ya chakula, ili hamu ije."

"Hamu nayo inaitwa? Kwetu njaa haikuwahi kupotea njia."

Yvette akacheka. Wasiwasi hakuwa nao hata chembe. Bibi ndiye aliyekuwa nao kwa niaba yake. Korona ilikuwa imefunga hoteli aliyokuwa akifanyia kazi Yvette, na miezi yote ile alishinda jikoni akijaribu: leo ndimu, kesho balungi, keshokutwa majani ya mnanaa. Sasa Sydney ilikuwa imefunguliwa, na Omollo, Mkenya mwenye baa ndogo kule St Marys, alitaka mtu mmoja tu wa kaunta. Alikuwa anakuja mwenyewe kuonja. Akiridhika, kazi ni ya Yvette.

Lango likagongwa. Yvette akaenda kufungua, akaiacha mezani glasi aliyokwisha kuichanganya.

Kyakimwa akaitazama. Barafu tupu, kinywaji kimejibanza pembeni kama maskini harusini. Aibu gani hii! Akaichota barafu yote kwa kijiko, akaitupa kwenye majani. Kinywaji kikashuka hadi nusu. Sasa je? Akachukua chupa ya tangawizi yake, ile anayowakamulia watu wa kanisa, akajazia hadi ukingoni.

Omollo akaketi, akashusha barakoa, akapiga funda. Macho yakamtoka.

"Uwi! Mama, hii ni spritz ama ni dawa ya kifua?"

Yvette akaiangalia glasi, kisha bibi yake. "Barafu iko wapi?"

"Kwenye majani," alisema Kyakimwa. "Omollo, mwanangu, kosa ni langu. Niliona haya mgeni kupewa maji yaliyoganda. Usimhukumu mtoto kwa mkono wangu."

Lakini Yvette alikuwa ameshachovya kijiko na kuonja. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Ngoja, Uncle. Usiondoke."

Glasi mpya. Barafu hadi mdomoni. Divai, Aperol. Penye soda akatia nusu soda, nusu tangawizi ya bibi aliyoichuja mara ya pili, na kipande cha chungwa juu.

Omollo akanywa kidogo, kwa hofu. Akanywa tena, safari hii bila hofu. Kisha akanusa upande wa jikoni.

"Mama, humo ndani kumepikwa nini?"

Kyakimwa akapiga makofi. "Kitendawili!"

"Tega."

"Namwita kwa glasi, namfukuza kwa sahani."

"Njaa!" Omollo akaangua kicheko. "Haya, imeitwa na imekuja. Yvette, Alhamisi saa kumi jioni, kaunta ni yako. Na hiyo tangawizi uje nayo."

Kyakimwa alikuwa tayari mlangoni, anakwenda kupakua sombe, kisamvu cha kwao. Kwenye sahani, angalau, hakuna Mwitaliano wa kumwambia aache nafasi ya barafu.