Kadi ya Mbwa Aliyekufa

Maneno yale yaliletwa kwetu Katonga na wanawake wa dagaa. Kwamba Mwandiga kuna mwanamume alikuwa akipewa maji anakisukuma kikombe na kupiga kelele, hivyo hivyo mpaka akafa. Na kwamba miezi miwili nyuma aliumwa na mbwa kisiginoni, kidonda kidogo tu, kikapona. Mwingine akasema si Mwandiga, ni Kagunga. Mwingine akasema hajafa mtu, watu wanatafuta la kuzungumza. Mimi nilikuwa nageuza dagaa kwenye kichanja, nikacheka na wenzangu. Lakini lile la kusukuma kikombe lilinikaa. Nikimimina maji nyumbani, nalikumbuka.

Niliishia darasa la saba, kuandika sijazoea. Naandika kwa ajili ya nyie wenye mbwa mnaotaka kuhama, msifanye nilichofanya.

Mume wangu Meshack ni fundi wa injini za boti. Alipata kazi Sengerema, na lori la kuchukua vyombo likapangwa Jumamosi. Nilianza kufunga mizigo wiki tatu kabla. Masufuria ndani ya ndoo, vikombe ndani ya vitenge, hata mbegu za maharage nilizifunga. Mbwa wetu Tomi sikumfikiria. Si anatembea mwenyewe? Jumatano, siku tatu kabla ya lori, ndipo binti yetu Frida, ana miaka saba, akaniuliza, "Mama, Tomi atakaa wapi kwenye gari?"

Nikaenda kwa afisa mifugo kuomba kibali cha kumsafirisha.

"Ana chanjo ya kichaa?" akaniuliza.

"Hana."

"Mlete nimchanje. Ila kibali sitoi leo wala kesho, chanjo lazima ikae mwilini wiki kadhaa. Mwachieni jirani, mumeo atarudi kumchukua."

Nikamwambia nitamleta kesho yake asubuhi. Sikumleta. Niliona nikimleta ataandikwa kwenye daftari, atajulikana kwamba ni mbwa mpya wa chanjo, na safari yake itakuwa imekufa. Na Frida alishaanza kulia tangu niliposema neno "jirani".

Jirani mwenyewe ni Mzee Nikodemu. Alikuwa na mbwa anaitwa Bosi, akagongwa na pikipiki masika yaliyopita. Bosi alikuwa amechanjwa, na kadi yake mzee aliihifadhi ndani ya Biblia.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mama Frida. Nimesikia habari ya mbwa. Chukua hii." Akanipa kadi. "Wote kahawia, wote shingo nyeupe. Hao wa kizuizi cha barabarani huangalia kadi tu, watamuuliza mbwa jina lake?"

Meshack aliporudi akaisoma, akapiga mluzi. "Bosi! Njoo hapa Bosi! Umefufuka na Pasaka haijafika!"

Tukacheka mpaka machozi. Frida hakucheka.

"Baba, Bosi si alikufa?"

"Nyamaza," nikamwambia, "hayo ni ya wakubwa."

Alhamisi Tomi hakula. Nilimpa vichwa vya samaki, migebuka, kitu anachokipenda kuliko vyote, akanusa akaenda kujilaza nyuma ya magunia. Mdogo wangu Recho, aliyekuja kunisaidia kufunga, akasimama kumsikiliza.

"Dada, huyu mbwa sauti yake imekuwaje? Anabweka kama mtu mwenye mafua."

"Ana huzuni. Anaona mizigo. Mbwa anajua safari."

"Na hayo mate?"

"Recho, funga vyombo."

Nilikuwa na jibu la kila kitu. Mwezi mmoja nyuma Tomi alirudi kutoka mwaloni, kule boti zinakoshusha samaki, sikio limechanika, alikuwa amepigana na mbwa asiye na mwenyewe. Hilo nalo nilikuwa nalijua. Nililijua kama nilivyojua maneno ya wanawake wa dagaa, nikayaweka mbali mbali, moja huku jingine kule.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi lori likafika. Mpango ulikuwa Meshack atangulie na vyombo na mbwa, mimi na Frida tufuate kwa basi Jumatatu. Sasa kwetu, mama yangu alinifundisha hivi: mbwa akihamishwa, unakata nywele za ncha ya mkia wake, unakwenda kuzizika chini ya kizingiti cha nyumba mpya, asirudi alikotoka. Na anayekata awe yule mbwa anayempenda. Nikampa Frida mkasi. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu.

"Haraka, dereva anapiga honi."

Frida alizikata. Nywele nikazipokea nikazifunga kwenye pindo la khanga. Ndipo Tomi akageuka. Hakunguruma wala hakuonya. Akamng'ata kifundo cha mkono, akaachia, akabaki anaangalia ukuta kana kwamba sisi hatupo.

"Mama wee!" Recho akapiga kelele.

Meshack akamtazama mtoto mkono. "Ni mkwaruzo tu, mama Frida. Mmemvuta mkia, mlitegemea awashukuru?" Akamfunga Tomi mdomo kwa kamba, akamnyanyua, akamfunga kwenye bodi ya lori. Wakaondoka.

Nilimpeleka Frida zahanati. Muuguzi anaitwa Zuleha, mama wa Ujiji, mpole. Akakiosha kidonda kwa maji na sabuni muda mrefu mpaka Frida akasema amechoka. Kisha akaniuliza.

"Mbwa wa nani?"

"Wetu."

"Amechanjwa?"

Hapo ndipo ilipaswa niseme. Nilimfikiria Mzee Nikodemu, nikamfikiria afisa mifugo niliyemwambia kesho. Niliona aibu. Nikasema, "Ana kadi."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Basi afungwe, mumwangalie siku kumi. Akibadilika hata kidogo, hata akiacha kula tu, uje mbio, tuanze sindano za kichaa. Umenielewa mama?"

Nikaitikia. Akampiga Frida sindano ya pepopunda, tukatoka. Njiani Frida akaniambia, "Mama, Tomi hayupo nyumbani."

Saa nane mchana Meshack akapiga simu. Alikuwa amepita Kibondo, anaelekea Kakonko. Kwanza akacheka, akasema kizuizini walisoma kadi, wakampongeza. "Wameniambia, laiti wenye mbwa wote wangekuwa kama wewe." Halafu akashusha sauti.

"Mama Frida, Tomi ametoroka."

"Ametorokaje?"

"Tulisimama tupumzike. Nikamfungua mdomo nimpe maji. Aliweka mdomo kwenye maji, anajaribu, hayashuki. Yanarudi na povu. Halafu akaanza kung'ata chuma cha bodi, anang'ata chuma, unasikia? Meno yakatoka damu. Nikarudi nyuma. Akakata kamba akaruka, akakimbilia upande wa nyumba za watu. Kulikuwa na watoto wanatoka kuchota maji."

"Amemuuma mtu?"

"Sijui. Tulimtafuta hatukumwona. Dereva ana haraka."

Sikumbuki kama niliaga. Nilimshika Frida mkono ule mzima, tukakimbia. Zuleha alikuwa anafunga mlango wa zahanati.

"Dada, nilikudanganya," nikasema. "Kadi ni ya mbwa mwingine. Yule alikufa. Wetu hajachanjwa tangu azaliwe, hali tangu juzi, na sasa amepotea Kibondo huko."

Aliniangalia, kisha akamwangalia Frida, akaweka mkoba wake chini.

"Mama, si mimi uliyemdanganya. Mimi sijaumwa," Zuleha akasema.

Alikiosha kidonda upya, akapiga simu hospitali kuuliza kama sindano zipo, akatupakia kwenye bajaji yeye mwenyewe. Frida alipata ya kwanza jioni ile ile, pamoja na dawa nyingine walizomchoma kuzunguka kidonda. Alilia sana. Jumatatu basi liliondoka bila sisi. Ya pili siku ya tatu, ya tatu siku ya saba. Imebaki ya mwisho.

Daktari anasema tuliwahi, na sindano zikikamilika mtoto atakuwa salama. Namwamini. Lakini kila Frida akinyanyua kikombe naacha ninachofanya, natazama koo lake mpaka maji yashuke. Sasa amejua. Akimaliza ananifunulia mdomo, "Yameisha, mama."

Nilirudi kwa afisa mifugo nikamweleza yote. Alipiga simu Kibondo na Kakonko, wakatangaza. Mpaka naandika, Tomi hajaonekana. Hao watoto waliokuwa wanachota maji, kama tangazo halijawafikia, hawana mtu wa kuwaambia wahesabu siku za sindano. Kama aliwauma wawili, watatu, wazazi wao watasema ni mkwaruzo, kama tulivyosema sisi. Nywele zake bado ziko kwenye pindo la khanga. Sina kizingiti cha kuzizikia.

Basi nyie mnaohama:

Usimfikirie mnyama mwisho. Kabla ya masufuria, nenda kwa afisa mifugo.

Usisafirishe mbwa wala paka ambaye chanjo yake haijakaa mwilini.

Usiazime kadi. Hata kama rangi ni moja.

Usiseme mbwa ana huzuni kama hali, anatokwa mate, au sauti imebadilika. Mfunge, uite mtu.

Usimpe mtoto mkasi wala mkia.

Usipake kidonda cha kuumwa na mbwa chumvi, kahawa wala mafuta. Maji mengi na sabuni, robo saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Usimfiche muuguzi.

Usikatishe sindano kwa sababu kidonda kimepona.

Na nyie wa kati ya Kibondo na Kakonko: mkimwona mbwa wa kahawia, shingo nyeupe, sikio la kushoto limechanika, kipande cha kamba shingoni, msimwite jina. Ingizeni watoto ndani. Na kama kuna mtoto aliyeshakwaruzwa, msingoje.