Simama, Dona Jurema

Taa nyekundu za kutibu misuli zilikuwa zimefungwa kwa mkanda mpana kwenye mapaja ya Dona Jurema, na joto lake lilikuwa tamu, lakini yeye alikuwa anatetemeka.

"Unasikia baridi?" akauliza Rayane, yule binti wa chuo kikuu anayewasimamia yeye na wanawake wenzake kwenye ukumbi wa mazoezi ya viungo.

"Hapana, binti yangu. Kesho naitwa na daktari wa serikali."

Hakuwa na haja ya kueleza, kila mwanamke mle ndani alielewa. Ujana wake wote alikata miwa, mpaka magoti yakamkatalia, na sasa posho ya serikali ya wasioweza kufanya kazi ndiyo inayolipa chumba chake na kuweka maharagwe sufuriani. Serikali ilikuwa inawachuja upya wagonjwa wake. Anayeonekana mzima anakatwa posho, basi.

Utaratibu wao ulikuwa mwanga kwanza, halafu kuinua vyuma, halafu kiti. Unakaa, unakunja mikono kifuani, Rayane anasema simama, nawe unasimama bila kushika kitu, wenzako wanapiga makofi. Mara ya kwanza Jurema aliletwa hapa akiwa ameshikwa makwapani. Leo aliinuka kama msichana, makofi yakalia, naye akageuka kuutazama mlango kwa hofu, asije akawa ameonwa na mtu wa serikali.

"Usiwe mjinga, shoga," Neide alimwambia walipokuwa wanakunywa kahawa. Neide naye alikuwa mkata miwa. Alishakatwa posho, sasa anafulia watu. "Kaa kama gunia. Ukiinuka shika meza, shika ukuta, mshike hata yeye daktari."

"Lakini magoti si yanauma kweli? Nikiinama shambani sasa hivi, hata mstari mmoja wa miwa simalizi."

"Maumivu nani anayaona? Mimi nilisema ukweli wangu wote pale. Nitazame."

Jioni ile Jurema alijifunza ugonjwa jikoni kwake, akijikokota kutoka meza hadi jiko huku anaguna. Aliona aibu kubwa, mtu mzima kujiigiza mwenyewe. Woga ulikuwa mkubwa zaidi.

Kesho yake, daktari wa serikali alikuwa kijana mwenye shati safi, na hakuinua macho. Jurema akakaa kama gunia.

"Unatibiwa kwa kitu gani?"

"Mwanga, daktari. Wa miguuni. Na vyuma kidogo."

"Vyuma?"

Sasa alimtazama. Jurema alitamani aumeze ulimi wake.

"Vyepesi tu, daktari. Vya wazee."

"Haya. Simama."

Mikono ikajikunja kifuani yenyewe. Kabla hajaikumbuka meza, kabla hajaukumbuka ukuta, alikuwa wima katikati ya chumba.

"Vizuri sana," akasema daktari, na alikuwa anasema kweli. "Hongera. Wa umri wako wengi hawawezi."

"Ni kusimama tu, daktari. Miwa siwezi. Nikiinama magoti yanawaka moto."

"Nani amesema miwa? Kuna kazi za kukaa, bibi."

"Zipi, mwanangu? Mimi hata kusoma sijui."

"Hilo si la idara yangu. Kaa, urudie. Nataka kuhakikisha."

Akakaa. Kichwani alikuwa na neno moja tu: anguka. Anguka, Jurema, anguka hapa hapa miguuni pake akuone. Akajiinua nusu, akayalegeza magoti kwa makusudi, akafumba macho akiingoja sakafu.

Mapaja, yaliyozoea mazoezi, yakajikaza yenyewe. Yalimdaka, yakamnyoosha, yakamsimamisha.

Akabaki amesimama, analia. Daktari alikuwa tayari anaandika kwamba anaweza kazi, na bila kuinua kichwa akamwambia, "Nyamaza, mama, hizi ni habari njema."