Mchinjaji, Sehemu Tisa

Kosa lilikuwa mwandiko wangu mzuri. Nasema mapema, nisije nikaambiwa nimeficha.

Mdogo wangu Dadi, fundi majokofu hapa Bagamoyo, ana filamu za kutisha, sehemu ya kwanza mpaka ya tisa, zote za DVD. Habari yake ni moja tu: kuna jitu lenye aproni na kisu, na kuna vijana wasiosikia, kila mwaka wanakwenda kulala kwenye nyumba yake. Dadi alizikusanya kwa miaka sita. Sehemu ya saba aliifuata Kariakoo mara nne. Ukitaka kuzigusa, unaambiwa kwanza unawe mikono.

Mama hakuzitaka kabisa. "Mimi nasali humu sebuleni, hizo picha za maiti zinanitazama!" Basi Dadi akazivika karatasi ya kaki, kama madaftari ya shule. Na mimi, kwa kuwa mwandiko wa Dadi hausomeki hata na Dadi mwenyewe, nikaandika ubavuni kwa herufi kubwa: MCHINJAJI 1, MCHINJAJI 2, mpaka 9. Nikatia na maua pembeni. Zilipendeza, zikawa kama vitabu vya madrasa.

Sasa, Dadi alimpenda Wahida, binti wa mwisho wa Mzee Msabaha. Mzee huyu ndiye mchinjaji wa mtaa wetu. Harusi, akika, hitima, hakuna nyama inayoingia chunguni bila mkono wake, na mkono wenyewe siku hizi unatetemeka. Ana mabinti watano, hana mwana, na alishatangaza kwamba mume wa Wahida ndiye atakayerithi kisu. Wachumba wawili walishakataliwa. Na Dadi? Mama akikamata kuku tu, Dadi anatoka kwenda kutembea, harudi mpaka asikie harufu ya bizari.

"Na hizo filamu zako je?" nilimwuliza siku moja.

"Ile sosi ya nyanya, dada. Mimi najua kabisa kuwa ni sosi."

Mzee akaja kutujulia hali. Sote tulijua amekuja kukagua. Shikamoo zikatoka, marahaba zikarudi, kahawa ikamiminwa, na jicho lake likatua kwenye rafu. Akavaa miwani.

"Mchinjaji," akasoma taratibu. "Moja, mbili... mpaka tisa! Kuchinja kuna sehemu tisa? Mimi nilifundishwa asubuhi moja tu." Akamgeukia Dadi. "Mwalimu mwenyewe nani?"

Dadi akanitazama mimi kwanza. "Ni... Mmarekani, mzee."

"Mashaallah! Hao wakisilimu wana bidii kutushinda sisi."

Ningeweza kusema. Mama naye angeweza. Lakini Mama akajaza vikombe, mimi nikatafuna kashata, maana Dadi alikuwa amekwisha kumwona Wahida ndani ya nyumba yake, na sikuwa na moyo wa kumtoa.

"Basi Alhamisi tuna akika ya mjukuu wangu," Mzee akasema akiinuka. "Mbuzi utachinja wewe, mwanangu."

Alhamisi asubuhi Dadi akavaa kanzu nyeupe pee, nayo ilifanana na uso wake. Uani kwa Mzee Msabaha watu walijaa. Mbuzi akalazwa, akaelekezwa kibla, wanaume wawili wakamshika. Wahida, aproni kiunoni, alikaa nyuma yao na beseni la maji. Dadi akapokea kisu kwa mikono miwili, akainama, akasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Bismillahi, Allahu Akbar!"

Akaanguka. Kisu huku, yeye kule. Waliomshika mbuzi wakamwachia kwa mshtuko, mbuzi akasimama, akamnusa Dadi, akaanza kuitafuna kofia yake.

Mzee akaokota kisu. Mkono ulitetemeka hata watu wakatazama chini. Ndipo Wahida akaweka beseni, akamshika baba yake kiganja. "Nipe, baba. Miaka kumi nakushikia miguu ya mbuzi. Unadhani nilikuwa nimefumba macho?"

"Mwanamke achinje?" shangazi mmoja akauliza.

Mzee akamtazama shangazi, kisha kisu. "Sheria haikumkataza," akasema. "Tuliomkataza ni sisi." Akaachia kisu.

Kazi ikaisha kwa mkato mmoja safi. Dadi akafumbua macho, akamwona Wahida amesimama juu yake na aproni na kisu kinachotiririka damu. Akazimia tena.

Alipozinduka alisema yote mbele ya watu: jitu, vijana, sosi ya nyanya. Mimi nikakiri mwandiko. Mzee alisikiliza amekunja uso.

"Na huyo wa kwenye filamu anapiga Bismillahi?"

"Hapigi, mzee."

"Kwa hiyo tisa zote ni nyamafu." Akavuta pumzi. "Umenidanganya, Dadi, na imeniuma. Lakini mwolewaji si mimi. Wahida, wasemaje?"

Wahida alikuwa akiosha kisu. "Mchinjaji nyumbani ameshapatikana, baba. Wa pili wa kazi gani?"

Mahari mwanamke hutaja mwenyewe. Wahida alitaja msahafu na zile filamu, zote tisa. Msahafu Dadi aliuleta siku ileile. Filamu zilimchukua wiki nzima, na sehemu ya saba aliibusu kabla ya kuitoa.

Sasa wamekwisha kuoana, na Jumapili mchana huzitazama pamoja. Juzi niliwakuta kwenye ya nne. Dadi, mwenye nyumba, anampa moyo mkewe: "Usiogope, ile ni sosi tu."

"Naona, mume wangu," Wahida akasema, macho kwenye televisheni. "Damu ya kweli hairuki hivyo. Inaanza polepole, nyeusi kidogo, halafu ikishapata njia..."

Nilimpisha Dadi mlangoni, anakwenda kutembea.